Kiti Chenye Nambari: Historia ya Nafasi Zilizowekwa katika Gari la Moshi



Liko lalamiko ambalo kila mwenye kusafiri kwa gari la moshi kwenda Mombasa amepata kulisikia, kama hakulitoa yeye mwenyewe. Abiria amenunua tikiti, nayo tikiti imeandikwa nambari ya behewa na nambari ya kiti. Aingiapo behewani humkuta mtu mwingine amekwisha kukaa dirishani, mzigo wake uko juu, viatu amevua, na akiombwa kiti hujibu, "Keti pale, viti ni vingi." Likitazamwa kwa haraka jambo hili ni dogo. Lakini mzee aliyenunuliwa tikiti mapema kwa sababu ya udhaifu wa miguu yake, kisha akabaki amesimama njiani huku vijana wakibishana, haoni kuwa ni dogo. Wala mweka hazina haoni hivyo, maana chama kinapowapeleka wazee mazikoni au arusini, tikiti zile zimenunuliwa kwa shilingi za wanachama.

Makala haya hayakuandikwa ili kumgombeza mtu. Nia yake ni kueleza tabia hii ilitoka wapi. Tabia za watu zina historia, kama vile reli yenyewe ilivyo na historia. Na mwenye kuijua asili ya jambo hupata njia njema ya kulitengeneza.

RELI NA MADARAJA YAKE

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Vyuma vilifika Nairobi mwaka 1899, mahali palipokuwa uwanda wenye maji ya baridi, na mwaka 1901 vikafika Kisumu katika ziwa. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Waafrika nao walifyeka misitu, wakachukua mizigo na kuchimba udongo. Mji wetu ulizaliwa na reli hiyo. Hata mitaa ya Muthurwa na Makongeni ilikuwa makao ya wafanyakazi wa reli, na wazee wengi wa Eastlands walilelewa kwa mshahara wa baba aliyekuwa fundi, karani, mchukuzi au mfagiaji katika stesheni.

Tangu siku za kwanza gari lilikuwa na madaraja, na madaraja hayo hayakupimwa kwa fedha peke yake. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili aghalabu la Wahindi, na la tatu la Waafrika pamoja na maskini wa kila namna. Heshima ya pekee ilikuwa nje kabisa ya mabehewa: benchi lililofungwa mbele ya injini, ambalo wageni wakubwa walikalishwa ili waone wanyama na nchi bila kizuizi. Winston Churchill alilikalia mwaka 1907, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, akalikalia mwaka 1909. Watu waliotandika reli ile kwa mikono yao hawakuwa na nafasi katika benchi hilo.

KITI KILICHOWEKWA KWA RANGI

Kuweka kiti maana yake ni kusema, "Nafasi hii ina mwenyewe, hata kama bado hajafika." Neno hili laweza kuwa la haki, na laweza kuwa la dhuluma; yote hutegemea sababu iliyomfanya mwenyewe awe mwenyewe. Katika miaka ya ukoloni sababu ilikuwa rangi ya ngozi. Vyumba vya magari viliwekwa kwa ajili ya Wazungu, na katika stesheni vyumba vya kungojea na vyoo vilitengwa vivyo hivyo. Chumba kiliweza kwenda kitupu usiku kucha, na Mhindi au Mwafrika mwenye fedha mkononi asiruhusiwe kukilalia.

Ubaya huu haukuwa wa Kenya peke yake. Mwaka 1892, katika mji wa New Orleans nchini Marekani, mtu mmoja jina lake Homer Plessy alinunua tikiti ya daraja la kwanza, akakaa katika behewa lililowekwa kwa watu weupe, akakamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 mahakama ikaamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni halali maadamu huduma ni sawa. Mwaka huo huo wa 1896 ndipo reli yetu ilipoanza kujengwa Mombasa. Basi reli ya Afrika ya Mashariki ilizaliwa katika kizazi ambacho wakubwa wa dunia walidhani kwamba kiti chaweza kuwa na rangi.

Kisa cha pili kiko karibu nasi zaidi. Mwaka 1893 wakili kijana kutoka Bara Hindi, Mohandas Gandhi, alipita pwani yetu kwa meli. Alishuka Lamu, akapita Mombasa, akakaa Unguja siku kadhaa, kisha akaendelea hadi Natal. Usiku wa tarehe 7 Juni mwaka huo, katika stesheni ya Pietermaritzburg, aliamriwa atoke katika daraja la kwanza aende behewa la nyuma, ingawa tikiti yake ilikuwa halali. Alikataa, naye askari akamtoa kwa nguvu pamoja na mizigo yake. Alikesha katika chumba cha kungojea kwa baridi kali. Tuangalie vema jambo hili: Gandhi hakukikalia kiti cha mtu. Kiti alikuwa nacho kwa haki ya tikiti, akanyang'anywa na watu walioamini kwamba rangi hushinda tikiti.

Wazee wetu waliyajua mambo haya bila kusimuliwa. Mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, wakazi wa mitaa ya Waafrika waliyasusia mabasi ya Nairobi, wakaenda kazini kwa miguu. Tarehe 24 Aprili 1954 askari walizingira mitaa ya Eastlands katika Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wakachukuliwa. Wengi walipelekwa katika kambi za Mackinnon Road na Manyani, nazo zote mbili ziko kando ya reli ya Mombasa. Safari hiyo haikutaka tikiti, wala haikumwuliza mtu anataka kukaa wapi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika mioyo ya watu wetu wengi neno "kiti kimewekwa" lina harufu mbaya. Lilikuwa neno la kumwondoa mtu. Mwenye kulisikia alisikia pia, "Wewe si mtu wa hapa." Hili ndilo chimbuko la kwanza la tabia tunayoijadili: kudhani kwamba kila nafasi iliyowekwa ni ya majivuno, na kwamba kuikalia ni ushujaa.

DARAJA LA TATU NA DESTURI YA KUSOGELEANA

Chimbuko la pili ni daraja la tatu. Huko ndiko walikosafiri watu wetu, na sababu yake ilikuwa mshahara. Kamati ya Carpenter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1954, iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Mtu wa namna hiyo, arudipo nyumbani Kisumu au Butere na mke, watoto, godoro na baiskeli, atawezaje kuwaza daraja la pili?

Katika daraja la tatu kiti hakikuwa na nambari. Aliyetangulia alikaa, aliyechelewa alisimama au aliketi juu ya mzigo wake. Watu waliwahi stesheni mapema. Waliweka kikapu au leso juu ya benchi ili kushika nafasi ya ndugu aliye nyuma. Lakini katika msongamano ule palizaliwa pia wema mkubwa. Benchi la watu watatu lilikaliwa na wanne, kisha watano. Mama mwenye mtoto mchanga hakuachwa asimame, na neno lililosikika mara nyingi kuliko yote lilikuwa "Tusogeleane kidogo." Watu wa makabila mbalimbali, wasiojuana hata kwa lugha, walifika alfajiri wakiwa wamelaliana mabegani.

Desturi hiyo haijafa katika mitaa yetu. Magari ya asubuhi na jioni yanayopita Makadara na Dandora hayana viti vya nambari. Mfanyakazi huingia, akipata nafasi hukaa, asipopata hushika chuma. Kwake yeye kiti kitupu ni kiti kisicho na mwenyewe, na kwa gari lile hajakosea. Kosa huanza pale anapoichukua kanuni ya gari moja na kuitumia katika gari lenye kanuni nyingine. Kusogeleana ni wema mahali ambapo kiti ni cha wote. Mahali ambapo kiti kimeuzwa kwa mtu mmoja, kusogeleana kwa lazima ni kumla mtu haki yake.

ORODHA YA MAJINA

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mlango ulifunguka. Madaraja yalibaki, bali yakawa madaraja ya nauli. Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, liliendelea kwa sura mbalimbali hadi Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na Kenya ikawa na shirika lake yenyewe.

Wengi kati yetu wanalikumbuka gari la usiku la Mombasa la miaka hiyo. Chumba cha daraja la kwanza kililaza watu 2, na cha daraja la pili watu 4. Abiria aliweka nafasi mapema, na kabla ya gari kuondoka orodha ya majina ilibandikwa stesheni, ikionyesha behewa na chumba cha kila mmoja. Watu walisongamana mbele ya karatasi ile, kila mtu akilitafuta jina lake kwa kidole.

Karatasi hiyo ilikuwa kitu kidogo, lakini maana yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Jina la karani wa Kaloleni liliweza kukaa katika orodha moja na jina la Mzungu na la Mhindi, bila kuulizwa lolote ila nauli. Mwenye chumba alijulikana kwa jina, akalindwa na orodha. Neno lile lile la "kiti kimewekwa," lililokuwa upanga wa kumkata Mwafrika, sasa likawa ngao yake. Hili ndilo jambo ambalo makala haya yanataka lishikwe: wazee wetu hawakupigania kiti kisiwe na mwenyewe. Walipigania kwamba mwenyewe ajulikane kwa tikiti, wala asijulikane kwa rangi.

KITI CHENYE NAMBARI

Gari la zamani la abiria la Mombasa lilikoma mwaka 2017. Tarehe 31 Mei mwaka huo gari jipya, Madaraka Express, lilizinduliwa katika reli mpya yenye upana mkubwa zaidi. Stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, nalo huwafikisha watu Mombasa kwa muda wa saa tano au sita, safari iliyokuwa ya usiku mzima. Mnunuzi wa tikiti hutoa hati ya kujitambulisha, naye hupewa behewa na kiti. Katika daraja la kawaida viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na watu hukaa wakielekeana.

Hapa ndipo chimbuko zile mbili zinapokutana. Mmoja hukikalia kiti kisicho chake kwa kuwa anaona mambo ya nambari ni maringo. Mwingine hukikalia kwa desturi ya daraja la tatu, bila nia mbaya. Wote wawili husema, "Viti ni vingi." Lakini tufanye hesabu. Mtu wa kiti cha 20 akikaa katika kiti cha 35, mwenye 35 ataambiwa aende popote. Atakaa katika 41. Mwenye 41 atakapofika atakwenda 58, na mwenye 58 atakuwa mama mwenye watoto wawili ambaye viti vyake vitatu vilikuwa pamoja. Uvivu wa mtu mmoja wa kutazama nambari umewasumbua wengine, na wa mwisho kuumia ndiye asiye na nguvu za kubishana.

Tena, gari husimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, kwa ratiba ya gari linalosimama kila mahali. Kiti kilicho kitupu Emali yawezekana kina mwenyewe anayengoja Voi na tikiti yake mkononi. Utupu wa kiti si ushahidi kwamba hakina mtu.

NAMNA YA KUDAI KITI

Mwenye haki naye ana wajibu wa kuidai kwa adabu. Wazee wametuachia hekima ya kutosha, nasi twaweza kuipanga hivi.

Kwanza, mtu aitazame tikiti yake mwenyewe kabla ya kuitazama ya mwenzake. Aangalie tarehe, gari, behewa, ndipo nambari ya kiti. Ni rahisi kukipata kiti sawasawa katika behewa lisilo lako, na aibu ya kumwondoa mwenyewe kisha kugundua kosa ni kubwa.

Pili, aanze kwa salamu. Amwambie aliyekaa, "Hujambo ndugu, samahani, tuangalie tikiti zetu pamoja." Neno "pamoja" lina kazi. Halimwiti mtu mwizi, lamwita shahidi. Akiwa ni mzee, aitwe mzee au mama kama ipasavyo, hata kama yeye ndiye aliyekosea. Kuuliza si ujinga, na wengi wakiulizwa hivyo huinuka wenyewe.

Tatu, akikataa, asivutwe mkono, wala mzigo wake usitupwe chini. Aitwe mhudumu wa behewa. Mtu aliyetolewa kwa nguvu katika kiti, hata kwa haki, huwakumbusha wazee mambo ambayo hawapendi kuyaona tena.

Nne, asitajwe kwa kabila, wala kwa mavazi yake, wala kwa lafudhi yake. Nambari haijui kabila, na huo ndio uzuri wake. Mwenye kusema "watu wa namna yenu ndio walivyo" amekwisha kuirudisha gari katika mwaka 1930, hata kama tikiti yake ni halali.

Tano, mwenye shida aombe kabla ya kukaa, asikae kwanza ndipo aombe. Mume aliyetenganishwa na mke wake, au mlezi aliyewekwa mbali na mgonjwa, ana sababu njema ya kubadilishana. Wenye kukubali ni wengi. Lakini aliyekwisha kukaa na kufungua chakula haombi tena, analazimisha.

Sita, tusisahau wema wa daraja la tatu. Kiti chako ni chako, kwa hiyo una uwezo wa kukitoa. Mtu hawezi kutoa kitu kisicho chake. Kijana anapomwinukia mama mja mzito atoa zawadi kamili, kwa kuwa alikuwa na haki ya kubaki. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na anayepewa ashukuru, asichukue kana kwamba ni ushuru.

WAJIBU WA CHAMA

Chama kinaposafirisha kundi, viongozi wana kazi yao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na viti vya kundi ni mali. Katibu aandike orodha ya wasafiri, behewa na kiti cha kila mmoja, kama ile karatasi ya zamani ya stesheni, na nakala yake apewe kiongozi wa safari. Wazee wapandishwe kwanza, kila mmoja akiwa na kijana wa kumfikisha kitini. Kubadilishana ndani ya kundi kufanyike kabla ya gari kuondoka, kusiwaguse abiria wengine. Isiwe desturi kwamba watu 30 wa chama kimoja wakalipangua behewa zima kwa sababu wanapenda kuzungumza pamoja. Wingi wetu usiwe sababu ya mtu aliye peke yake kukosa nafasi yake, maana sisi wenyewe tulikuwa wengi katika nchi hii tukakosa nafasi kwa sababu ya wachache, na tunaujua uchungu wake.

Vijana wetu waambiwe historia hii. Wao wamezaliwa wakiona nambari juu ya viti, nao hudhani ni jambo la karani tu. Wajue kwamba nambari ile ndogo ilichukua mahali pa kibao kilichokuwa na jina la rangi. Anayeiheshimu amwheshimu mwenzake asiyemjua, ambaye labda bado yuko njiani anakuja, akiamini kwamba atakikuta kiti chake.